Jina Lililotangulia

Kamati ya shukrani ya Dokta Aikaeli Akyoo ilikuwa na mwenyekiti, katibu, watu wa chakula, watu wa turubai, na dada mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha ndugu wote wanashona kitenge cha aina moja. Aliyesahaulika kuulizwa ni Aikaeli mwenyewe. Mtu akipata jambo jema huku Meru, jambo hilo halibaki kuwa lake. Ukoo unalibeba, unalipeleka kanisani, unalipikia pilau na loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando, na mwenye jambo anachotakiwa ni kufika kwa wakati akiwa amependeza. Safari hii jambo lenyewe lilikuwa Tuzo ya Upeo, ambayo taasisi moja ya nje humpa mwanasayansi mmoja wa Afrika, na mwaka huu walimpa yeye, binti wa kutoka migombani juu ya Tengeru.

Msidhani alikuwa mtoto wa ajabu, wale wa kusimuliwa kwamba walijua kuzidisha kabla ya kuota meno. Darasani alikuwa wa tano, wa sita, na mwalimu wake wa sekondari alimshauri akasomee uhasibu. Kipaji chake kilikuwa ukaidi. Kamba ya mbuzi ikijisokota kwenye mgomba, kaka yake Emmanuel aliikata kwa panga akaenda zake kucheza mpira. Aikaeli alikaa chini akaifuata pindo kwa pindo, mpaka mama yao akaja kuuliza kama mbuzi wale watakula lini. Hayo ndiyo aliyokwenda kuyasomea alipokua, kwanza Dar es Salaam, kisha ng'ambo. Maana iko hisabati ya mafundo, hata kama Mama Emmanuel hajaamini mpaka leo kwamba serikali ilimlipia mwanawe ada kwa ajili hiyo. Chukua kamba iliyojisokota, unganisha ncha zake mbili, halafu jiulize: hii inafunguka bila kukatwa, au haifunguki hata ukeshe nayo? Kamba ikiwa fupi utaona kwa macho. Ikiwa na mapindo elfu, macho hayafui dafu, na hapo ndipo wanapoitwa watu wa aina ya Aikaeli.

Aliporudi na kuajiriwa kufundisha chuo kimoja hapa Arusha, alimkuta Omari Zuberi. Omari alikuwa amemzidi miaka michache, mtoto wa Kaloleni, amezaliwa na kulelewa kwenye nyumba ya vyumba vya kupangisha karibu na uwanja wa mpira. Chuo kizima ni hao wawili tu walioweza kuzungumza mafundo wakaelewana. Kila Jumamosi Aikaeli alikwenda uani kwa Omari, ambako ubao mweusi uliegemezwa ukutani, nao wakabishana mpaka chaki inawajaa mapajani. Najat, mke wa Omari, aliwaletea chai ya tangawizi na vitumbua, akamwita Aikaeli wifi, maana mwanamke anayemgombeza mumewe kiasi kile asipokuwa dada yake atakuwa nani?

Walikuwa tofauti sana hao wawili. Omari alikuwa mtu wa kuona. Alinyamaza, akakuna kidevu, akaona, na alichokiona akashindwa kukieleza. Aikaeli hakuwa mtu wa kuona, lakini ukimwonyesha kitu hatakiacha mpaka amehakikisha kila kona yake, na penye tundu dogo ataliziba. Swali lao moja liliwasumbua miaka mingi. Siku moja Omari akasema, kama anayeomba sukari, "Aika, sisi kila siku tunaanza kamba inapoanzia. Je, tukianzia mwisho?"

"Haina mwisho, Omari. Tumeziunganisha ncha."

"Basi tuutengeneze huo mwisho. Tuikate hewa iliyoizunguka, si kamba."

Aikaeli alicheka. Kisha akaacha kucheka, akakaa juu ya ndoo. Neno lile ndilo lililokuwa ufunguo, na ilimchukua yeye mwaka na zaidi kuliandika lote bila tundu. Makala ilitoka na majina mawili, Akyoo na Zuberi.

Hapa lazima nieleze desturi ya watu wa hisabati, maana balaa lote lilitokea humo. Wao majina huyapanga kwa alfabeti. Hawaulizani nani aliona na nani aliandika; kuulizana hivyo ni kukosa adabu, sawa na kuuliza nani alikula vipande vingapi vya nyama. Lakini kwa watu wa kilimo na wa tiba mwenye jina la kwanza ndiye bosi, na wanaomfuata ndio waliomshikia jembe. Waamuzi wa Tuzo ya Upeo wengi wao walikuwa wa kilimo na wa tiba. Tangu makala yao ya kwanza kabisa, Akyoo alikuwa mbele na Zuberi nyuma, kwa sababu tu A ni A na Z ni Z.

Simu ya taasisi ilimkuta Aikaeli ofisini akisahihisha mitihani. Aliyepiga alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya upole. "Dokta Akyoo, wewe ndiye mwandishi mkuu wa kazi hii?"

"Kazi ni yetu sote wawili," Aikaeli akajibu.

"Tunaelewa. Ila tuzo ni ya mtu mmoja, na jina lako ndilo limetangulia. Tuandike wewe?"

Mama yule alingoja. Alingoja kwa adabu kabisa, na nafasi ya kusema ilikuwepo. Aikaeli alimfikiria yule mwalimu aliyemshauri akasomee uhasibu. Akamfikiria mama yake akiambiwa habari hii sokoni Tengeru mbele ya wenzake. Furaha ikampanda mpaka kooni, ikakaa pale ambapo maneno mengine yalitakiwa yapite. "Asante," akasema. "Asanteni sana." Tuseme kweli tupu, aliitaka tuzo ile, na aliitaka vibaya.

Omari alipoambiwa alimpa mkono kwa mikono yake yote miwili. "Hongera, Dokta. Umestahili." Hakuuliza lolote, na Aikaeli hakumwambia aliulizwa nini kwenye simu.

Huenda mambo yangeishia hapo, watu wakala pilau wakaenda makwao, kama si mkataba wa Omari. Ulikuwa unaisha mwaka huo huo. Akipandishwa cheo angebaki chuoni. Asipopandishwa angefunga virago, kwa kuwa chuo hakikuwa tena na nafasi ya cheo cha chini. Na kamati ya kupandisha vyeo ilikuwa inatazama kitu kimoja kuliko vyote: mtu ametangulia kwenye makala ngapi. Omari hakutangulia hata kwenye moja. Aikaeli alipolitambua hilo usingizi ulimruka. Akajiapiza kwamba siku ya shukrani, mbele ya watu wote, wakiwemo wakubwa wa chuo walioalikwa, atasema waziwazi njia ile ilikuwa ya nani.

Shukrani yenyewe ilikuwa Jumapili, jua limewaka na mlima umejifunua mpaka kileleni. Asubuhi Aikaeli alipofika viwanja vya kanisa alimkuta Omari nyuma ya jiko, amekunja mikono ya shati, ana damu kwenye viatu.

"Unafanya nini huku?" Aikaeli akamuuliza.

"Kaka yako aliniomba nije mapema nichinje," Omari akasema. "Ili wageni Waislamu nao wale. Amenipa heshima."

Na kweli Emmanuel alidhani amempa heshima. Huku kwetu mwenye shughuli asiyemtafuta Mwislamu wa kuchinja huonekana hana ustaarabu, na Emmanuel alipowaza ni Mwislamu gani aliye karibu na familia, jina lililomjia ni la yule mwenzake Aika wa chuoni. Alimpigia simu kwa nia njema kabisa. Omari, ambaye maisha yake yote alikuwa amechinja kuku tu, alichinja mbuzi wote waliokuwepo, akanawa, akaenda kukaa chini ya turubai karibu na spika za nje.

Kanisani kwaya iliimba, ndugu wakapita mbele na vitenge vyao, mkungu wa ndizi ukapigwa mnada. Kisha Aikaeli akapewa kipaza sauti. Kaka yake, mama yake na wakubwa wa chuo walikuwa mstari wa mbele.

"Bwana Yesu asifiwe."

"Amina!"

"Ndugu zangu, nataka niseme wazi. Tuzo hii si yangu."

"Amina!" kanisa likaitikia, na kina mama wakapiga vigelegele.

Aikaeli akashtuka. Akasema kwa sauti kubwa zaidi. "Naomba mnisikilize. Njia ya kulijibu lile swali aliiona Omari Zuberi. Si mimi. Mimi nilikuja nyuma yake nikifagia. Haki ni yake."

Bibi mmoja wa mbele akatoa leso akafuta machozi. Mchungaji naye akasimama, akakipokea kipaza sauti mkononi mwa Aikaeli kwa upole. "Mmeona, wapendwa? Amepewa heshima ya Afrika nzima, bado anasema si yake! Huyu ndiye mtoto aliyelelewa katika Bwana. Vijana, mjifunze unyenyekevu!" Makofi yakatikisa mabati.

Alikuwa amekosea mahali pa kusemea. Kila mtu anayesimama pale kushukuru husema si mimi. Waliojenga nyumba husema hivyo, na waliopona, na waliofaulu, na waliopata wachumba. Asiyesema hivyo ndiye angeshangaza watu. Aikaeli alibaki amesimama katikati ya makofi huku uso unamwaka, na kadiri alivyotikisa kichwa kukataa ndivyo walivyozidi kumpenda.

Nje, wakati wa chakula, mshereheshaji alikuwa kijana aitwaye Allen, mdomo hauna breki. "Ukoo wa Akyoo mpooo? Sasa jamani, Dokta wetu ametutajia msaidizi wake! Kumbe ndiye huyohuyo aliyetuchinjia mbuzi! Broo Omari, simama tukuone! Huyu ndiye aliyekuwa anamshikia Dokta wetu chaki!"

Watu wakacheka kwa upendo. Omari akasimama. Akainua mkono, akatabasamu kidogo, akakaa. Najat, aliyekuwa kando yake, hakutabasamu. Alisukuma sahani yake mbele akatazama upande wa barabarani. Aikaeli aliinuka kwenye kiti chake cha maua ili amnyang'anye Allen kile kipaza sauti, lakini shangazi watatu walikuwa wamemfikia na khanga za kumvika, na walipomaliza kumvika wimbo mwingine ulikuwa umeshaanza.

Jumatatu alikwenda ofisini kwa Profesa Elihuruma, mwenyekiti wa kamati ya vyeo, mzee wa kilimo cha migomba aliyemjua marehemu baba yake.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, binti yangu. Ile loshoro ya jana, hee!"

Aikaeli hakukaa. Alimweleza habari ya alfabeti tangu mwanzo. Akamwambia kwamba Omari angeitwa Abdulrahman badala ya Zuberi, leo wangekuwa wanamjadili yeye Aikaeli kama afukuzwe. Profesa alisikiliza akitikisa kichwa kwa huruma.

"Jana nilikusikia kanisani," akasema. "Niliguswa. Lakini binti yangu, moyo wako mzuri utakuponza. Ungekuja kujisifu ningekuelewa kirahisi zaidi. Kamati itaona unambeba rafiki yako."

"Simbebi, Profesa. Yeye ndiye alinibeba mimi."

"Unaona? Ndivyo unavyosema siku zote." Akainuka kumsindikiza. "Tena taasisi yenyewe imechunguza, wataalamu wa dunia, ikakuona wewe ndiye mkuu. Mimi nani niwabishie? Au uliwaambia na wao, wakakataa?"

Aikaeli alishukuru akaenda zake bila kulijibu swali hilo.

Alichopaswa kufanya alikijua. Jioni ileile aliwaandikia taasisi akawaeleza yote. Wakamjibu haraka na kwa adabu: matokeo yalikwisha kutangazwa, kanuni haziruhusu kubadili, na wanamshukuru kwa unyenyekevu wake, ambao unaipa tuzo heshima zaidi. Alilisoma neno hilo unyenyekevu, akalichukia kama mtu anavyochukia chakula kilichowahi kumlaza hospitali.

Mwezi ukapita. Kamati ya vyeo ikakaa, na Omari hakupandishwa. Alipata nafasi ya kufundisha sekondari huko Singida. Wiki zote hizo Jumamosi zilikuwa zinapita bila ya Aikaeli kualikwa uani, na bila ya yeye kuthubutu kwenda. Alikwenda Jumamosi ya mwisho, kabla familia haijahama.

Najat ndiye aliyefungua. "Karibu, Dokta," akasema, akampisha. Hakumwita wifi. Uani kulikuwa na magunia yaliyofungwa na godoro lililokunjwa. Binti yao, Mwanahalima, alikuwa anapanga vyombo kwenye sanduku. Omari alikuwa ameketi mbele ya ubao, chaki mkononi.

"Karibu, Aika. Tafuta ndoo ukae."

Akakaa. Alikuwa amejiandalia maneno njia nzima, yote yakapotea. "Nimesema kila mahali," akaanza. "Kanisani nimesema, kwa Profesa nimesema, taasisi nimewaandikia. Hakuna anayeniamini."

"Najua. Kanisani nilikusikia."

"Basi niambie nifanye nini zaidi."

Omari aliipeleka chaki kutoka kidole hadi kidole. "Walipokupigia simu siku ile," akasema, "walikuuliza?"

Aikaeli angeweza kusema hapana. Omari angeamini, au angejifanya ameamini, wangeagana vizuri. "Waliniuliza," akasema.

"Ukasemaje?"

"Nikasema kazi ni yetu sote."

"Halafu?"

"Wakauliza waandike mimi. Nikasema asante."

Omari hakuonekana kukasirika, alionekana kama anavyokuwa mbele ya ubao anapohakikisha hatua, na hatua imekubali. "Siku ile alikuwa anakusikiliza mtu mmoja," akasema mwishowe. "Na yule angekuamini. Ukangoja ukaseme kanisani, Aika, mahali ambapo wewe mwenyewe, mtoto wa kanisa, ulijua hawatakuamini."

"Sikujua! Wallahi sikujua."

"Labda hukujua."

Aikaeli alilia, tena si kwa kujizuia. Alitaka kusema kwamba si kweli, na alipojitafuta ndani ahakikishe, kama ilivyo kawaida yake kuhakikisha, hakuipata hakika. Omari hakumbembeleza wala hakumfukuza. Alimwachia alie. Macho ya Aikaeli, yakiwa yanatafuta mahali pa kutua ambapo si usoni kwa Omari, yakatua ubaoni.

Lilikuwa lile swali lao la pili, ambalo liliwagomea tangu mwaka juzi. Omari alikuwa amelifungua. Aikaeli aliona mstari wa kwanza, akaona wa pili, na machozi yakakatika yenyewe. Wa tatu ulikuwa mzuri mno. Alikuwa anauingia wa nne Omari aliposimama, akachukua kitambaa, akaanza kufuta. Alifuta polepole, kuanzia chini.

"Hii nitaiandika peke yangu," Omari akasema. "Jina moja."

"Sawa," Aikaeli akasema. "Ni haki yako."

"Umesoma mpaka wapi?"

"Mpaka wa nne."

Omari aliuangalia ubao uliobaki mweupe wa vumbi. "Itanichukua muda," akasema. "Mimi kuandika unanijua. Nitakuwa na vipindi vingi huko Singida." Kisha akamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu mkasa huu uanze sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. "Usiendelee, Aika. Naomba sana."

"Siendelei."

Walipeana mikono. Najat alimfungulia mlango, akamwambia safari njema, ingawa wenye safari walikuwa wao.

Aikaeli alitoka akashika njia ya kuelekea uwanjani, kati ya wauza mitumba na mafundi viatu. Alikusudia kutofikiri. Akasoma maandishi kwenye vibao vya maduka. Akasalimia watu asiowajua. Lakini kichwa chake kilikuwa kimezoea miaka yote kupokea mahali Omari alipoachia, na hakikuwa na adabu ya kujua kwamba safari hii hakikukaribishwa. Kabla hajafika barabara kubwa, mstari wa tano ulikuwa umeshamjia, mzima, hauna tundu hata moja.

Akasimama. Akaona wa sita kwa mbali, unakuja. Hapo, katikati ya Kaloleni mchana kweupe, Dokta Aikaeli Akyoo akaanza kuimba wimbo wa kwaya kwa sauti yake yote, ubeti mmoja baada ya mwingine, ili mstari ule usimfikie.